Usingizi wa Maneno

Nilipostaafu mwaka 2011, baada ya miaka arobaini ya ualimu, niliondoka ofisini na kitu kimoja kisicho changu. Ni daftari la adhabu la shule, lenye jalada jeusi, ambalo lilikwisha kujaa zamani na hakuna aliyeliulizia. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 zilikuja kanuni za viboko za mwaka 1979, na tangu hapo ilitupasa kuandika kila adhabu ya fimbo: jina la mtoto, kosa lake, idadi ya viboko, na sahihi. Daftari hilo ninalo mpaka leo, limo sandukuni pamoja na vyeti vyangu vya chuo cha ualimu. Kwa nini nimelihifadhi, nitaeleza baadaye. Kwanza sina budi kueleza habari ya usingizi.

Usingizi ninaousema si ule wa kitandani. Wazungu waliupa jina la Kigiriki, nasi tumelichukua tukasema hipnosia. Wapo wanaotafsiri kwa kusema "kupumbaza", tafsiri ambayo siipendi hata kidogo, kwani mwalimu anayempumbaza mtoto ana kazi gani tena shuleni? Wengine husema kiinimacho, lakini hicho ni cha wacheza mazingaombwe. Mimi na mwenzangu, wakati tulipojiingiza katika jambo hili, tuliuita usingizi wa maneno, kwa sababu hapakuwa na dawa wala kitu kingine ndani yake ila maneno ya mtu mmoja kuingia katika sikio la mwingine.

Sisi wa Usambara nguvu ya neno hatukufundishwa na Wazungu. Babu zetu walioishi chini ya wafalme wa Kilindi waliamini kwamba Simba Mwene wa Vuga akiwa na amani na watu wake nchi hupona, mvua hunyesha na mahindi hukomaa. Wakaita hali hiyo kuzifya shi, yaani kuiponya nchi. Mfalme akikasirika, jua huwaka. Watu walilipa ng'ombe kwa ajili ya neno jema. Basi mzazi wa Mtae anapompeleka mtoto wake kwa mtu wa kumsemea neno ili afaulu mtihani, hafanyi jambo la kigeni.

Mimi mwenyewe nilipelekwa. Mwaka 1962 nilikuwa darasa la nne, na mtihani wa darasa la nne siku zile ulikuwa mlango mwembamba. Ukishindwa hapo, unarudi shambani na jembe lako na hakuna wa kukuuliza tena. Baba yangu alikuwa Mlutheri wa kanisa la Mtae, lililoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani kabla ya vita vya kwanza. Mjomba wangu alikuwa Mwislamu. Mambo hayo huku kwetu hayajawahi kuvunja ukoo, watu wanazikana na kuozana kama kawaida. Wiki moja kabla ya mtihani mjomba akanichukua kwa shehe, baba asijue. Shehe akaandika aya kwa zafarani katika sahani nyeupe, polepole sana, akaziosha kwa maji yenye marashi, akaniambia, "Kunywa, mwanangu, na ulichosoma hakitatoka." Nikanywa hilo kombe. Ladha yake ninaikumbuka: chungu kidogo, halafu harufu ya arusi.

Nilifaulu. Baba akapeleka kikapu cha maharage kwa mchungaji aliyeniombea Jumapili. Mjomba akapeleka jogoo kwa shehe. Mwalimu wangu, aliyetuwashia kandili kila jioni kwa miezi mitatu na kutukaririsha jedwali za kuzidisha mpaka sauti zikatukauka, hakupelekewa kitu.

Hata hivyo siwezi kusema kombe halikufanya kazi. Niliingia katika chumba cha mtihani mikono yangu ikiwa imetulia, wakati rafiki yangu, mwenye akili kunizidi, alivunja kalamu mbili kwa kutetemeka. Ni nini kilichonituliza? Zafarani? Aya? Au uso wa yule mzee aliponitazama bila wasiwasi wowote, kana kwamba matokeo yalikwisha kubandikwa ukutani?

Swali hilo liliulizwa Paris karibu miaka 180 kabla yangu. Palikuwa na daktari aliyeitwa Franz Mesmer, aliyedai kwamba viumbe vyote vinapitiwa na umajimaji usioonekana wa namna ya sumaku, na kwamba yeye anaweza kuuelekeza kwa mkono wake na kuponya watu. Mabibi wa mjini walianguka na kutikisika mbele yake, wakaondoka wamepona. Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa akaunda tume ya wataalamu, miongoni mwao Lavoisier mwanakemia na Benjamin Franklin wa Marekani, ambaye wakati huo alikuwa mzee mgonjwa, hivyo kazi nyingine ikafanyiwa nyumbani kwake, nje kidogo ya jiji. Katika bustani yake wakautia mti mmoja hiyo nguvu ya sumaku. Kisha akaletwa kijana wa miaka 12, kitambaa machoni, akapitishwa mti baada ya mti. Kwenye wa kwanza akatoka jasho na kukohoa. Kwenye wa pili na wa tatu akasema kichwa kinamuuma na nguvu inazidi. Kwenye wa nne akazimia kabisa, wakamlaza juu ya majani. Mti wenye nguvu hakuufikia.

Nimewasimulia habari hii walimu vijana mara nyingi, na karibu wote hucheka na kusema: basi, ni uongo mtupu. Tume nayo ilisema hivyo kwa adabu zaidi, kwamba umajimaji haupo na yote ni mawazo tu. Lakini mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na sikuweza kulipita neno hilo "tu". Kijana alizimia! Mawazo yaliyomwangusha chini mtoto mwenye afya si kitu cha kufungiwa faili. Ilipita zaidi ya nusu karne ndipo James Braid, daktari wa Manchester, akaiacha sumaku na kuyashika mawazo yenyewe. Yeye ndiye aliyeeneza neno la hipnosia kwa kitabu chake cha mwaka 1843.

Turudi kwetu. Mwaka uleule niliokunywa kombe, upande wa pili wa nchi, watoto wa shule waliangushwa na kitu kisichoonekana, na hapo hapakuwa na daktari wala shehe. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka. Hawakuweza kuacha. Kicheko kikageuka kilio, kikarudi kuwa kicheko, kwa saa kadhaa, kikaisha, siku ya pili kikaanza tena. Kufikia katikati ya Machi wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na shule ikafungwa tarehe 18. Ikafunguliwa Mei 21, wakapatwa wengine 57, ikafungwa tena. Wasichana waliorudishwa makwao walikwenda nayo. Katika vijiji vya Nshamba watu 217 walicheka na kulia. Wahaya wakauita ugonjwa wa kucheka. Madaktari wawili, Rankin na Philip, walipima damu, wakachunguza vyakula, wakatafuta sumu na homa, na katika taarifa yao ya mwaka 1963 wakaeleza kwamba hawakukuta kitu mwilini. Hakufa mtu hata mmoja.

Katika taarifa ile kuna jambo ambalo kila mwalimu mkuu angelitazama mara mbili. Walimu wa shule hiyo hawakuguswa hata mmoja. Ugonjwa uliwajua wenye kutahiniwa na kuadhibiwa. Watahini ukawaacha.

Mwaka 1983 nilikuwa na umri wa miaka 32, mwalimu mkuu wa shule moja huku milimani ambayo sitaitaja. Mtu kuwa mwalimu mkuu katika umri huo hakukuwa sifa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa limetangaza elimu ya msingi kwa wote, na kufikia 1977 madarasa yalifurika kuliko walimu, hata aliyekuwa na cheti cha chuo alionekana mzee. Vita vya Kagera vilikwisha 1979 vikaacha maduka matupu. Sabuni hakuna, mafuta ya taa ya kupanga foleni, daftari moja watoto wanagawana katikati. Na mbele yao ule mtihani wa darasa la saba: kati ya watoto 100 waliomaliza, hawakufika watano waliopata nafasi katika sekondari za serikali. Mwalimu Nyerere alikwisha kuonya mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, kwamba tusimfundishe mtoto kwa ajili ya mtihani tu. Tulikariri onyo hilo chuoni, kisha tukaja kazini tukapimwa kwa idadi ya waliochaguliwa.

Mwenzangu aliyefundisha hesabu alikuwa amepata kijitabu cha kuagiza kwa posta, kilichochapwa India kwa Kiingereza chenye makosa mengi, kinachofundisha jinsi ya kumlaza mtu kwa sauti na kumwamuru akili yake ikumbuke. Nilikicheka. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba wakati ule ule, huko Bulgaria, daktari aliyeitwa Georgi Lozanov alikuwa akifundisha lugha za kigeni kwa muziki wa taratibu, viti vizuri na sauti ya kutuliza, na kwamba UNESCO ilikutanisha wataalamu Sofia mwaka 1978 kuijadili njia yake. Kwa hiyo mwenzangu hakuwa mwendawazimu peke yake duniani. Nilichokijua wakati ule ni kwamba tulikuwa na mvulana anayejibu kila swali darasani na kuandika karatasi tupu siku ya jaribio, na wengine wa namna yake wapatao kumi, na kwamba fimbo ilikuwa imeshindwa.

Tukaanza mwezi Julai, jioni, baada ya watoto kuchota maji. Mwenye kuijua Mtae anajua Julai yake: ukungu unapanda kutoka mbuga za Mkomazi, unaingia madirishani kama mgeni asiyebisha hodi, hata watoto wa dawati la nyuma huwaoni vizuri. Tuliwaketisha watoto 12, tukawasha koroboi moja mezani, wakaambiwa waitazame ncha ya moto, wavute pumzi, wahesabu kurudi nyuma kutoka ishirini. Mwenzangu alisoma maneno aliyoyatafsiri kwa Kiswahili safi. Hakuna aliyelala. Walikaa wima kama siku ya ukaguzi, na mmoja alisimama akasema, "Ndiyo, Mwalimu!"

Jioni ya tatu nikamwambia ajaribu Kishambaa.

Ieleweke kwamba katika shule yangu Kishambaa kilikuwa kosa. Aliyekisema alivishwa kibao shingoni, na kibao hicho nilikitengeneza mimi. Sasa mimi huyo nikaamuru kisemwe darasani. Mwenzangu hakufika hata kumi. Mabega yakashuka, midomo ikalegea, yule mvulana wa karatasi tupu akalaza shavu juu ya dawati. Ndipo nilipofahamu kwamba kwa watoto wale Kiswahili, lugha ninayoipenda na ambayo ninaandikia maneno haya, ilikuwa na sauti ya paredi, na ile nyingine ilikuwa sauti ya mama jikoni. Sikukiondoa kibao siku hiyo. Nilikiondoa mwaka uliofuata, na Bwana Elimu akaniuliza kwa nini.

Kwa wiki tatu tulidhani tumepata dhahabu. Mvulana yule aliandika jaribio la sayansi mpaka mwisho. Watoto walisema wanalala vizuri. Niseme kwa haki kile nilichokiona: aliyekuwa amesoma, akaogopa, alinufaika, asiyekuwa amesoma aliandika upuuzi ule ule wa siku zote, ila sasa aliuandika bila kusita. Hilo la pili lilinikera, lakini sikulifikiria kama ilivyonipasa.

Katika kijitabu kulikuwa na somo la kumrudisha mtu nyuma mpaka siku alipoanza kuogopa. Mwenzangu akataka kulijaribu, nami nikakubali, nikakaa pembeni karibu na mlango. Akamchagua binti mmoja, mpole, aliyeganda kila alipoona hesabu. Akamwuliza, kwa Kishambaa, uko wapi sasa? Akasema yuko darasa la nne. Unaona nini? Naona ubao, naona saba mara nane. Nani yuko mbele yako? Binti akataja jina langu.

Akaendelea bila kuulizwa, kwa sauti ya mtoto mdogo. Alisema nilimwita ubaoni, akashindwa, nikamchapa mikononi, akashindwa tena, nikamchapa miguuni, na kwamba alijikojolea mbele ya wenzake nami nikasema jambo ambalo wenzake walilicheka. Alilitaja jambo hilo. Sitaliandika. Kisha akaanza kulia, na koroboi ikazimwa, na alipoitwa aamke hakuamka upesi. Watoto wengine walikuwa wameamka wote na kunitazama.

Juma lile wasichana wawili waliokuwapo walianguka gwaride la asubuhi, halafu wa tatu ambaye hakuwapo. Nikaikumbuka Kashasha, nikaona shule yangu imefungwa, na jina langu Lushoto kwenye meza ya mkubwa. Mchungaji na shehe walikuja siku moja, kila mmoja kwa njia yake, wakasema jambo moja: acha. Lakini aliyenizidi nguvu ni mama wa yule binti. Alikuja saa kumi na mbili asubuhi, na kilemba chake kimelowa umande, hakutaka kukaa.

"Mwalimu," akasema, "mtoto wangu mmemfanya nini? Usiku anahesabu. Amelala na anahesabu, akifika hamsini na tano analia."

Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Tumeacha."

"Mmeacha nyinyi," akasema. "Yeye hajaacha."

Ndipo nilipolifungua daftari la adhabu. Nikatafuta mwaka 1980, darasa la nne, ukurasa kwa ukurasa. Jina la binti halimo.

Hapa msomaji anaweza kunisaidia kwa sayansi, na sayansi hiyo ipo. Mwaka 1985, miaka miwili baada ya jambo hili, Chama cha Madaktari cha Marekani kilitoa taarifa kuhusu kumbukumbu zinazotolewa katika hipnosia: kwamba si za kuaminika kuliko za kawaida, huchanganya la kweli na la kubuni, na mtu akiamka huamini yote kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana mahakama nyingi huko hukataa ushahidi wa namna hiyo. Na hiyo ndiyo sababu wanafunzi wetu wavivu waliandika upuuzi kwa ujasiri. Usingizi wa maneno unaongeza uhakika, hauongezi maarifa. Saba mara nane lazima iwe imeingia kichwani kwanza, kwa kurudiwa, na kuulizwa, na kurudiwa tena. Kwa hiyo kwa mujibu wa taarifa hiyo, na kwa mujibu wa daftari, ninaweza kusema sikufanya.

Lakini najua jinsi tulivyoandika daftari lile. Tuliandika adhabu za kupangwa, mtoro, mwizi wa mahindi, mgomvi. Fimbo ya ubaoni, fimbo ya papo hapo, ile ya hesabu, nani aliiandika? Ingetuchukua mkono mzima. Siikumbuki siku ile. Nimejaribu miaka arobaini kuikumbuka na siioni, wala siwezi kuapa kwamba haikuwako, kwa kuwa zilikuwako siku nyingi za namna hiyo na sikumbuki hata moja kwa sura. Waliopigwa ndio wanaozikumbuka moja moja.

Mwaka 1968 wataalamu wawili, Rosenthal na Jacobson, waliandika kitabu juu ya shule moja ya California. Waliwaambia walimu kwamba watoto fulani, kama mmoja kati ya watano, wamepimwa na wataonyesha maendeleo makubwa mwaka huo. Watoto hao walikuwa wamechaguliwa kwa bahati nasibu tu. Mwisho wa mwaka, wale wa madarasa ya chini hasa, walikuwa wamewapita wenzao. Wataalamu wengine wamebishana sana na hesabu zao, na huenda wana haki. Mimi nilipokisoma niliwaza upande wa pili wake. Ikiwa mwalimu humsemea mtoto neno la kufaulu bila kujua, basi nimewalaza watoto wangapi kwa neno jingine, mchana kweupe, bila koroboi?

Mwaka niliostaafu nchi nzima ilikuwa barabarani kwenda Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kule Samunge, alikuwa akiwanywesha watu kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500, na foleni za magari zilipita kilomita nyingi. Hata huku kwetu watu walichanga nauli wakaenda. Aliyekwenda na shinikizo la damu alirudi mchangamfu. Wengine waliacha vidonge vyao, na hao hatukukaa nao sana. Yeye mwenyewe alifariki Julai 2021.

Mwaka huo huo, ng'ambo, yalitokea mambo ambayo niliyasoma baadaye, na siku niliyoyasoma sikula chakula cha jioni. Katika shule ya sekondari ya North Port, jimbo la Florida, mwalimu mkuu alikuwa akiwalaza watu usingizi wa maneno tangu mwaka 2006, wanafunzi na wafanyakazi, jumla wapatao 75: huyu apunguze hofu ya mtihani, yule atulie uwanjani. Hakuwatoza kitu. Wengi walimpenda, na wapo waliosema amewasaidia. Wakubwa wake walikwisha kumwonya asiendelee kuwalaza mmoja mmoja, akaendelea. Kati ya Machi na Mei 2011 wanafunzi watatu aliowalaza walikufa, mmoja katika ajali ya gari na wawili kwa kujiua. Mmoja alikuwa amelazwa siku moja tu kabla. Mwingine, binti wa miaka 17, alikuwa amekwenda kwake kwa ajili ya mitihani. Kosa aliloshtakiwa nalo mahakamani lilikuwa kufanya hipnosia bila leseni. Mwaka 2012 hakulipinga, akapewa mwaka mmoja wa uangalizi. Hakuna mahakama iliyosema kwamba usingizi ndio uliowaua. Mwaka 2015 halmashauri ya shule ikakubali kuzilipa familia dola 200,000 kila moja.

Watu walioniletea gazeti hilo walisema, tazama Mzungu mwehu. Sikumwona hivyo. Nilimwona mwalimu mkuu mwenye watoto wanaotetemeka, aliyepata kitu kinachofanya kazi siku ya kwanza, na ya pili, na ya ishirini. Mimi nilisimamishwa na mama mmoja mwenye kilemba kilicholowa. Yeye, nadhani, wazazi walimshukuru mno.

Tulichobakiza katika shule yangu ni kidogo. Kabla ya jaribio lolote watoto walivuta pumzi mara kumi, macho wazi, kalamu mezani. Jedwali za kuzidisha tuliziuliza kila asubuhi kwa mchezo wa mpira wa matambara, anayekosa anamrushia mwenzake. Fimbo ya ubaoni niliikataza, na walimu wawili waliomba uhamisho kwa sababu hiyo. Mvulana wa karatasi tupu alichaguliwa kwenda sekondari, na siku hizi ni mtu mzima anayenipigia simu sikukuu za Krismasi.

Binti hakuchaguliwa. Ni mama wa watu sasa, ana meza sokoni hapa hapa, anauza maharage, viazi na pea kwa msimu wake. Huniamkia "Shikamoo, Mwalimu", nami huitikia "Marahaba, mama", na sijawahi kumwuliza kama anaikumbuka jioni ile, wala ile nyingine ya darasa la nne kama ilikuwako. Juma lililopita nilinunua maharage kilo tatu na viazi sado moja, nikampa noti ya elfu kumi. Nilikuwa bado natafuta miwani mfukoni. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu, akanihesabia chenji mkononi moja moja, kwa Kishambaa, taratibu, kama anavyohesabiwa mtoto.